Mkaguzi wa Nyama na Sufuria ya Maharage

Tangu nistaafu, kila ninayekutana naye Kayanga ananiuliza swali lile lile: sasa nyama utakuwa unaipata wapi? Wanaamini kwamba miaka yote niliyovaa koti jeupe na gambuti nilikuwa narudi nyumbani na ini limefungwa kwenye jani la mgomba. Ninawajibu kwamba nitaipata pale pale nilipokuwa naipata zamani, yaani buchani, kwa pesa yangu, na kwa nadra. Hawaniamini. Wengine hucheka na kunipiga begani kama watu tunaojuana siri.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi vijana mliobaki kwenye idara ya mifugo, mnaoamka alfajiri kwenda machinjioni wakati wenzenu wa ofisi nyingine bado wanageuka kitandani. Habari za vyeo sitazigusa. Vyangu vilikuja kwa kuchechemea, na kimoja kilipotelea njiani mpaka leo. Nitawaeleza habari za kisu, mhuri, na sufuria moja ya maharage pale Murongo iliyonifundisha kazi yangu upya nikiwa nimeshazeeka ndani yake.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kituntu. Machinjio yenyewe yalikuwa sakafu ya saruji chini ya mikaratusi, bomba lisilotoa maji, na boriti ya kutundikia nyama. Nilifika na kisu kipya cha chuoni, kinang'aa mno. Mchinjaji alikuwa Mzee Salimu, Mwislamu mwembamba mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka Pangani na hakurudi tena. Alikitazama kisu changu akauliza kama nimekuja kukagua nyama au kuwanyoa watu.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa jike mzee, na mafuta yake yalikuwa ya njano kama ndizi mbivu. Chuoni tulifundishwa kwamba njano ni dalili ya ugonjwa. Nikasimama na kisu mkononi, na wenye bucha wakaanza kuguna kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Mzee Salimu hakuniaibisha mbele yao. Alikiinua kichwa cha yule ng'ombe, akafunua kope na kunionyesha jicho. Palipotakiwa kuwa peupe palikuwa peupe. Kisha akanielekeza kwenye kano la mguu: jeupe, safi.

"Bwana mdogo," alisema kwa sauti ya chini, "mafuta hutiwa rangi na majani, na uzee. Jicho na kano havitiwi rangi na majani. Ukiiona njano huko, hapo ndipo useme hapana, hata kama ng'ombe ni wa harusi ya mwanao."

Nikapiga mhuri. Nawaambia kweli, katika vitabu vyote nilivyosoma baadaye sikukuta somo lililonisaidia kuliko lile la dakika chache.

Jambo lililowashangaza majirani ni kwamba nilikuwa nikishinda asubuhi katikati ya nyama, kisha mchana nikala maharage. Mke wangu, Jeni, binti wa wakulima wa Kimuli, ndiye aliyeweka utaratibu huo mara tu tulipooana. Mshahara wa kwanza nilinunua nyama, mwanamume nimejipiga kifua. Jioni wakaja majirani wawili kuniamkua, na mjomba wake akapita tu "kutazama mmeamkaje," ingawa jua lilikuwa linazama. Nyama ikaliwa, mimi nikapata shingo.

"Nyama haiji peke yake," Jeni aliniambia tukiosha vyombo. "Inataka mchele, inataka nyanya na mafuta, inaleta wageni, na wageni wanataka pombe ya rubisi. Maharage yanaingia mlangoni kimya kimya, ndizi zipo shambani, na hakuna mjomba anayesikia harufu yake kutoka barabarani."

Nilibisha kwamba maharage yanakula kuni. Alikubali. Ndiyo maana akawa anayaloweka tangu jioni na kuyachemsha kwenye moto ule ule wa kupikia chai. Akaniuliza na mimi: huyo ng'ombe mzee mnayemchinja Kituntu, anaiva kwa kuni ngapi? Nikaikumbuka ile shingo niliyoitafuna mpaka taya zikauma. Bei ya kilo ya nyama ilikuwa inatuletea sado la maharage na karanga juu yake, nasi tulikuwa tunakula siku kadhaa. Nyama ikawa ya sikukuu na ya wageni waliotoa taarifa. Watoto wetu wamekua warefu kunipita mimi, na sijui kama hilo ni maharage au ni upande wa mama yao.

Kutoka Kituntu nilipelekwa Kimuli, na Kyerwa ilipofanywa wilaya nikabaki huko huko. Nitawaachia mambo machache ya miaka ile. Noeni kisu jioni, si asubuhi, kwa sababu asubuhi mtakuwa na haraka na mtajikata. Wino wa mhuri hautoki kwenye shati, acheni kuhangaika na sabuni. Mkikuta minyoo kwenye ini, lipasueni mwenye ng'ombe akiwa anaona, kisha limwagieni mafuta ya taa na kulizika mbele yake. Mkimgeuzia mgongo tu, mtalikuta sokoni limeoshwa. Na mtu akikupa zawadi ya nyama kabla hujakagua, iweke juu ya meza ile ile na uikague kwanza yenyewe. Nilifanya hivyo mara moja na zawadi zikakoma.

Kituo cha mwisho kilikuwa Murongo. Mnapajua: daraja, foleni ya malori, mawakala wa forodha wenye simu mbili mbili, na boda boda wanaogombania abiria kabla hajashusha mguu. Mzee Salimu alikuwa ameshahamia huko na kufungua bucha, ndevu sasa nyeupe, akiniita bado "bwana mdogo" ingawa nilikuwa na wajukuu. Mbele ya bucha yake, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kibanda cha mama lishe aitwaye Ma Editha, mjane, Mkatoliki wa kutoka vijiji vya juu. Alikuwa na mabenchi manne na sauti ya kuita wateja inayosikika mpaka upande wa pili wa mto. Kila asubuhi alinunua nyama kwa Mzee Salimu, akaipika na ndizi, na boda boda wote wakala kwake. Kibanda hicho ndicho kilichomlea binti yake Editha na wadogo zake tangu baba yao afariki.

Halafu ukaja ugonjwa wa miguu na midomo. Nilimkuta ng'ombe wa kwanza akichechemea na kudondosha mate, ulimi umejaa malengelenge, na nilijua kabla sijavua koti nini kitafuata. Karantini ilitangazwa: mnada ukafungwa, machinjio yakafungwa, hakuna ng'ombe wala mbuzi kutoka wala kuingia. Tangazo nililibandika mwenyewe kwenye mlango wa bucha ya Mzee Salimu. Alinishikia gundi.

Ma Editha alinisubiri nimalize.

"Bwana Mifugo, shikamoo."

"Marahaba, Ma Editha."

"Umenifungia nyama. Sasa nipike nini, mhuri wako?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alinivuta pembeni akanieleza hali ilivyo. Mwenye kiwanja alikuwa ameshamwambia kwamba siku jiko lake likikosa moto, kuna mtu wa chipsi anapataka pale mahali. Na tayari kijana mmoja alikuwa amemfuata na habari ya nyama inayovushwa mtoni kwenye viroba, bei rahisi, haina mhuri wa mtu yeyote. Alinitazama usoni akasema waziwazi: "Nakuambia wewe kwa sababu nakuheshimu. Sijaichukua. Lakini watoto wangu hawali heshima, waitu, ndugu yangu."

Iliniuma. Nilijua kabisa kwamba akiinunua ile nyama nitaizika, na mimi ndiye nitakayeandika jina lake kwenye ripoti. Nikamwomba ajaribu kwanza kupika bila nyama. Alinitazama kama mtu aliyeshauriwa kufua bila maji, kisha akakubali.

Kesho yake akapika anavyojua: ndizi na maharage ndani ya sufuria moja, vikaiva pamoja, kama tunavyokula majumbani mwetu kila siku. Kwa kuwa wateja ni wengi, aliazima sufuria kubwa ya kigango cha kanisa lake, ile inayopikiwa misibani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, ndizi na maharage nyumbani ni chakula. Lakini ndizi na maharage kutoka kwenye sufuria kubwa, vikigawiwa watu wengi waliokaa kwenye mabenchi, bila kipande cha nyama, ni matanga.

Wa kwanza kufika alikuwa Karoli, mwenyekiti wa boda boda, mtu wa kelele. Aliitazama ile sufuria, akavua kofia yake ngumu, akakaa polepole.

"Waitu, Ma Editha," alinong'ona, "pole sana. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu! Kula!"

Alikula kimya. Waliofuata waliwakuta wenzao kimya, nao wakanyamaza, na wakala kwa adabu, macho chini. Dereva wa lori aliyekuwa anapita aliuliza jambo kwa ishara, akatikisa kichwa kwa huzuni, na alipoondoka aliacha rambirambi chini ya sahani. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara na nilishindwa kujua kama nicheke. Siku iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Mtu hutoa pole mara moja, hakuna anayekwenda kula matanga kila siku. Yule mtu wa chipsi alionekana akipima kiwanja kwa hatua.

Jioni ile nilimwelezea Jeni. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza watoto wa yule mama ni wangapi. Asubuhi alipanda boda boda akaja Murongo pamoja nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya kazi yangu.

"Dada, chakula chako hakina kosa," alimwambia Ma Editha. "Sufuria ndiyo ina msiba. Irudishe kigango."

Wale wanawake wawili hawakunihitaji tena. Nilitumwa majani ya mgomba. Ndizi zilifungwa kwenye majani, zikaivishwa kwa mvuke na kupondwapondwa humo humo, laini, kama zinavyoandaliwa kwa wakwe. Maharage yaliyolowekwa yalipikwa peke yake na kitunguu, yakaungwa kwa samli kidogo. Na Ma Editha akakumbuka kwamba madereva wa Kiganda wanapopika kando ya malori yao, mchuzi wa heshima kwao ni wa karanga. Akasaga karanga, akazipika taratibu mpaka zikatoa mafuta, akatia na uyoga kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza. Parachichi zilikuwa zinaoza chini ya miti kila mahali. Nusu moja ikawekwa kwenye kila sahani bila malipo. Hakuna kilichochanganywa na kingine. Kila kitu kilikaa mahali pake, kwenye sahani ndogo.

Ilikuwa nzuri kuitazama. Lakini mabenchi yalibaki matupu, kwa sababu habari ya matanga ilikuwa imeshavuka hata daraja.

Mchana, watu wakitoka msikitini, Mzee Salimu alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Hakuingia ndani. Aliburuta benchi mpaka ukingo wa barabara, mbele kabisa ya bucha yake mwenyewe yenye tangazo langu mlangoni, akakaa akiwaelekea watu wote, na kuagiza kwa sauti. Boda boda walisimamisha pikipiki kumtazama. Mwenye bucha anakula maharage! Alikula bila haraka, akalowesha ndizi kwenye karanga, akajifuta ndevu.

"Mnashangaa nini?" aliwauliza. "Duka langu limefungwa. Tumbo langu halikufungwa. Ma Editha, niongeze karanga, mwanangu."

Karoli alisogea ili aone tu. Aliomba aonje kidogo kwa kidole, akaambiwa anunue sahani yake. Akanunua. Safari hii hakuvua kofia wala hakunong'ona. Alianza kubishana na Mzee Salimu habari za mpira, mdomo umejaa. Ndipo nilipopumua. Kufikia alasiri Ma Editha alikuwa anamtuma Editha akatafute karanga nyingine.

Baadaye nilimuuliza Mzee Salimu kwa nini amefanya vile, yeye anayeishi kwa kuuza nyama. Alinijibu kwa utulivu wake ule wa Kituntu: "Miaka yote hii amenunua kwangu. Akifunga leo, karantini ikiisha nitamuuzia nani? Isitoshe, nilikuwa na njaa."

Ma Editha aliendelea hivyo muda wote wa karantini. Mwenye viroba alirudi tena akaondoka navyo. Sahani aliiuza kwa bei chini ya ile ya nyama, na bado mwisho wa wiki alikuwa anabaki na zaidi. Sababu alinieleza mwenyewe: kwenye kilo ya nyama analipia na mfupa, na mteja hataki mfupa, ikibaki jioni ni hasara. Karanga na maharage vikibaki, vinamsubiri kwenye gunia mpaka kesho. Kuni zilipanda kidogo, samli nayo si ya bure, na kuponda ndizi kunachosha mikono kuliko kukata nyama. Sitawadanganya kwamba ni kazi nyepesi. Lakini kodi ya kiwanja ililipwa, na mtu wa chipsi akaenda kupima kwingine.

Karantini ilipoondolewa, nilipiga mhuri wa kwanza, nikaenda mwenyewe kumwambia Ma Editha. Alishukuru, akamtuma Editha kwa Mzee Salimu, na akaagiza nusu ya alichokuwa anaagiza zamani. Mzee Salimu alilalamika kwangu siku nzima kwamba nimemharibia mteja. Kisha saa ya chakula nikamwona anavuka barabara.

Sasa nije kwenye siku yangu ya mwisho, ambayo baadhi yenu mlikuwepo na wengine mmesikia ikitiwa chumvi.

Mliamua kuniaga Murongo, na mkachanga, ninyi na wenye bucha, mkanunua dume. Nilikuwa nimeshamkabidhi Neema, mkaguzi aliyeshika nafasi yangu, kisu changu, kile kile cha Kituntu, ambacho kwa kunolewa kilikuwa kimebaki chembamba kama jani. Neema alikuwa na muda mfupi kazini, binti mpole, anayeamkia hata watu wadogo kuliko yeye. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Viti vimepangwa, muziki umeanza, na kijana wa Mzee Salimu ameshachinja, mzee mwenyewe akisimamia kwa fimbo yake.

Neema alianza kukagua. Mafuta yalikuwa ya njano.

"Hayo ni majani tu," alisema mmoja wa wenye bucha. "Dume la ranchi hilo. Piga mhuri, binti, watu wana njaa."

 Neema aliinama kwenye kichwa, akafunua kope. Akaenda kwenye mguu, akapasua, akatazama kano. Akarudi kwenye jicho. Nilikuwa nimekaa mbali kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, nimevishwa shada, na kutoka pale nilijua alichokiona kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka.

Alinifuata mwenyewe, kisu mkononi, machozi yanakaribia. "Shikamoo mzee. Mzee, njoo utazame wewe. Jicho ni la njano. Kano pia. Lakini ni sherehe yako."

Kamati yote ilinitazama. Sauti zikaanza: mzee aamue, mzee ana uzoefu. Nilitamani kunyanyuka, ninyi wenyewe mtakuja kujua jinsi miguu inavyotaka kwenda. Nilibaki nimekaa.

"Mimi nimestaafu," nikasema. "Mkaguzi ni huyu."

Neema aligeuka, akatembea mpaka kwenye ile nyama, na mbele ya watu wote akasema haitaliwa.  Alisimamia shimo likichimbwa na mafuta ya taa yakimwagwa. Mzee Salimu alisimama kando yake mpaka mwisho, na nilimsikia akisema, "Hata ng'ombe awe wa harusi." Mimi nilikuwa nalia waziwazi na shada langu shingoni, na sioni aibu kuliandika.

Mgeni rasmi alifika akakuta watu wameinamisha vichwa na hakuna harufu ya kitu chochote. Ndipo sauti ile inayovuka mto ikasikika kutoka upande wa kibanda, ambacho siku hizi ni chumba cha bati chenye meza.

"Nyie mnasubiri nini? Nani amesema hakuna chakula? Jeni, njoo unishikie majani!"

Maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana yake, kama kawaida yake. Karoli aliwasha pikipiki akafuata karanga. Tulisubiri, hotuba zikasomwa kwanza, na zilikuwa ndefu. Kisha zikaja ndizi zimefungwa kwenye majani yanayotoa mvuke, maharage ya samli, mchuzi wa karanga, nusu ya parachichi kwa kila mtu. Mgeni rasmi aliongezewa mara mbili. Neema nilimkalisha kulia kwangu, na Mzee Salimu kushoto, akimwita tayari "binti mdogo."

Watu walikula. Nilitega masikio yote mawili katikati ya zile kelele, sherehe ya mkaguzi wa nyama isiyo na kipande cha nyama, watu wengi hivyo kwenye mabenchi, nikingoja tu mmoja avue kofia na kuniuliza nani amefariki.

Hakuna aliyeuliza.